Mama Aliyekuja Kliniki Bila Mimba

Nyinyi vijana wa chuo cha uuguzi mliopanga kwenye ploti yangu hapa Kitengela, mmeniuliza mara nyingi: Sista Rispa, katika miaka yote uliyofanya kazi leba, ni kitu gani kilikushangaza zaidi? Najua mnangoja niseme ni wale pacha waliozaliwa juu ya lori la ng'ombe pale Isinya. Hiyo mmeshaisikia, na kila nikiisimulia lile lori linazidi kuwa refu. Jibu la kweli ni lingine. Kilichonishangaza zaidi ni swali nililoulizwa na mwanamke mmoja aliyeketi kwenye foleni ya wajawazito naye hana mimba.

Lakini hamtaelewa uzito wa swali lake kama hamjaonyeshwa kondo la nyuma vile mimi nilionyeshwa.

Nilipotoka kwetu Kakamega kuja kuanza kazi huku, mkubwa wangu alikuwa Sista Muthoni, mwanamke wa Nyeri, mfupi, mwenye sauti ya mhubiri wa sokoni. Mtoto akishazaliwa, sisi wageni wa kazi tulikuwa tunamkimbilia. Tunamfuta, tunampima, tunabishana anafanana na nani. Sista Muthoni alikuwa anabaki kwa mama. Anangoja kondo litoke, analiosha polepole, analitandaza kwenye trei kama anayetandaza kitambaa cha meza ya harusi.

"Kujeni hapa," anatuita. "Hii kitu mnaharakisha kutupa, ndio imelea huyo mtoto."

Tulikuwa tunakunja pua. Yeye hakujali. Alituonyesha upande uliokuwa umeshika ukuta wa tumbo la uzazi, mwekundu wa kuiva, umepasuka vipande vipande kama udongo mweusi wa Kitengela wakati wa kiangazi. Kisha anageuza. Upande wa mtoto unang'aa, na mishipa imetawanyika kutoka kwenye kitovu kama matawi ya mgunga.

"Damu ya mama inapita upande huu, ya mtoto upande huu," alikuwa akisema, na sauti ya mhubiri inapungua. "Zinakaribiana mpaka huwezi kuona ukuta ulio katikati, na bado hazichanganyiki. Chakula kinavuka. Hewa inavuka. Uchafu unarudi. Na mwili wa mama unajenga hii kitu upya kila mimba, unaitumia miezi tu, halafu unaiachilia. Nani alifundisha mwili hiyo kazi?"

Siku moja nikamuuliza, "Na ikiachilia mapema, kabla mtoto hajazaliwa?"

Alinitazama. "Basi unakimbia," akasema. "Hakuna kitu kingine. Unakimbia."

Nilikuja kukimbia mara kadhaa katika kazi yangu. Mara ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya Nashipae.

Nashipae alikuwa fundi cherehani, anashona yunifomu za shule kwenye kibanda karibu na barabara ya Namanga. Bwanake, Lemayian, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kwenye soko la Bisil. Walikuwa wamekodi nyumba hapa Kitengela, lakini boma lao lilikuwa upande wa Bisil kwa mama yake Lemayian, ambaye kila mtu alimwita Kokoo, yaani nyanya. Ile mimba ya kwanza, Nashipae alikuja kliniki mwanzoni vizuri. Kisha ukame ukaja, ng'ombe wakahamishwa, naye akamfuata bwanake. Tukampoteza kwa muda.

Akarudi mchana mmoja wa jua kali, amemshika Lemayian bega, tumbo kubwa, uso umekuwa wa kijivu.

"Sista, tumbo linauma na haliachi," akasema.

Shikeni hilo neno, haliachi. Uchungu wa kuzaa unakuja na kwenda, mama anapata nafasi ya kupumua, hata ya kutukana. Huu haukuwa unakwenda popote. Niliweka mkono juu ya tumbo lake, nikakuta gumu kama ubao. Kwenye leso yake kulikuwa na damu, si nyingi.

"Ni kidogo tu, Sista," Lemayian akaniambia kwa haraka, kama anayeniomba nikubali. "Si ni kidogo?"

Ilikuwa kidogo kwa nje. Damu inaweza kujificha nyuma ya kondo, mama anaishiwa damu huku nyinyi mnaangalia leso. Siku hizo tulikuwa tunatumia ile pembe ya kusikiliza moyo wa mtoto, si hii mashine yenu inayopigia chumba kizima sauti hadi mama wa kitanda cha pili anatikisa kichwa. Nikaweka sikio. Nikasogeza, nikaweka tena. Nilisikia moyo wa Nashipae mwenyewe ukikimbia, na nyuma yake kimya.

Tulimtundikia maji, tukamlaza kwa ubavu, tukamwingiza kwenye gari, nami nikapanda naye. Hospitalini walikuwa wamejiandaa. Mtoto alizaliwa amekufa, msichana, mwenye nywele nyingi, na nyuma yake likaja bonge la damu nyeusi iliyoganda. Nashipae aliwekewa damu ya watu asiowajua, mfuko baada ya mfuko, na jioni ile rangi ikarudi kwenye midomo yake taratibu. Nilisimama pale nikiangalia midomo tu. Nilikuwa nimeona mambo mengi, lakini kuona uhai unarudi kwa mtu kama chai inavyopanda kwenye sufuria, hilo silizoei.

Baadaye maneno yakaanza, kama kawaida. Jirani mmoja akasema ni jerikeni za maji alizokuwa akibeba. Mwingine akasema ni macho ya watu, kwa vile alikuwa amependeza sana na ile mimba. Shangazi mmoja akasema ni cherehani, eti kukanyaga pedali kunatikisa mtoto. Nashipae alisikia yote hayo akiwa bado anatoa maziwa yasiyo na mtu wa kuyanywa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikatoka kuita foleni ya wajawazito, nikamwona ameketi katikati ya matumbo makubwa, amevaa gauni la kitenge, tumbo liko bapa. Kokoo alikuwa kando yake na shanga zake zote.

"Takwenya, Nashipae," nikamsalimu.

"Iko, Sista."

"Mimba ni ya miezi mingapi?"

"Sina mimba." Wanawake kwenye benchi wakageuka. "Nimekuja kabla. Nataka kujua ni nini ilinifanyia vile. Nikijua, ndio nitajua kama niko na ruhusa ya kujaribu tena."

Watoto wangu, nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka mingi. Wanawake walikuwa wakija wamebeba tayari, wamebeba na hofu juu yake, nasi tunaanza kufukuzana na miezi. Huyu alikuja na mikono mitupu kuuliza kwa nini. Kama kuna siku nilitaka kupiga magoti mbele ya mgonjwa, ni hiyo.

Sasa sikilizeni namna ya kuuliza, maana hamfundishwi vizuri. Maswali mengine hayaulizwi mbele ya mama mkwe. Nilimwambia Kokoo atoke kidogo, akakataa katakata. "Mimi ndio mama yake sasa," akasema. Basi nikatumia njia nyingine. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa presha. Hakuna nyanya wa Kajiado anayekataa kupimwa kitu. Akanyanyuka mwenyewe, akamfuata mwenzangu chumba cha pili, shanga zikilia.

Nikafunga mlango. "Nashipae, ukiwa na ile mimba, kuna mtu aliwahi kukupiga? Hata kukusukuma tu?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Lemayian? Sista, Lemayian akipeleka ng'ombe sokoni anamuaga kwanza."

Halafu kicheko kikakatika. Akaangalia mlango.

"Lakini tulianguka na pikipiki," akasema. "Kule kwa korongo la Bisil. Mbuzi waliingia barabarani, akakanyaga breki, tukalala chini sisi wote. Niliinuka nikapanguza vumbi, mtoto akacheza kama kawaida. Lemayian hajawahi kuitaja. Tangu tuzike, analala akiangalia ukuta. Anasema hatutajaribu tena. Anasema ng'ombe watatosha."

Niliendelea kuuliza. Maji yalikuwa yamepasuka mapema? La. Homa? La. Pacha kwao? La. Sigara?

"Sigara hapana." Akainamisha sauti. "Kokoo alikuwa ananipa ugoro kidogo, wa kuzuia kutapika. Tafadhali usimwambie. Atakufa akijua."

Basi ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa amebeba kipande chake cha lawama na kumficha mwenzake, na katikati yao hakuna mtoto.

Nikampima presha. Ilikuwa juu. Nikamwacha akae, tukazungumza habari ya yunifomu, nikapima mkono ule mwingine. Juu. Mwanamke kijana, mwembamba, hana mimba, amekaa ametulia, na mshale uko mahali usipopaswa kuwa. Hakuwa na habari. Kichwa kilikuwa kikimuuma mara nyingi, akadhani ni macho, kwa kazi ya sindano.

Nilijua nimeona kitu, nikajua pia si mimi wa kukimaliza. Nikamwambia, "Tunaenda kwa daktari wa akina mama huko Kajiado. Na tunaenda na bwanako. Na Kokoo."

"Sisi wote?"

"Nyinyi wote mmefiwa. Mtaenda wote."

Daktari alikuwa kijana, mtu wa Kisii, mtaratibu, mwenye tabia ya kuvua miwani akitaka kusikiliza. Nashipae alisimulia kila kitu isipokuwa pikipiki na ugoro. Alipofika mwisho, akauliza habari ya jerikeni.

"Hapana," daktari akasema. "Jerikeni hazikuua mtoto wako."

"Na cherehani?"

"Hapana. Wala macho ya mtu."

Ndipo Lemayian, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote kama askari, akasema, "Ni mimi." Hakuna aliyemuuliza. "Nilimwangusha na pikipiki. Nilikuwa naenda mbio kwa sababu soko linaanza mapema. Ni mimi, daktari."

Daktari akavua miwani. "Keti kwanza. Mlianguka lini? Siku ile ile?"

"Hapana. Kabla. Kabla ya mvua ndogo."

"Baada ya kuanguka alitokwa na damu? Tumbo lilikuwa gumu?"

"Aliendelea kushona," Lemayian akajibu. "Majuma mengi tu. Mtoto alikuwa anacheza, nilimshika mwenyewe."

"Sikiliza, bwana. Mama mjamzito akianguka au akipigwa tumboni, kondo linaweza kubanduka, ndiyo. Ndio maana akianguka tunataka tumwone mara moja, hata kama anajisikia vizuri. Lakini mara nyingi hilo huonekana mapema, saa zile au siku zile. Halingoji majuma mengi. Siwezi kuapa. Ila mimi sikuwekei hiyo lawama."

Lemayian alivuta shuka lake la begani akafunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nashipae akanyoosha mkono akamshika goti, na nikaona kwamba hilo ndilo alilokuja kulitafuta, kabla hata ya mtoto mwingine.

Kisha Kokoo, ambaye tulidhani Kiswahili chake kinaishia sokoni, akauliza kwa sauti kavu, "Na ugoro?"

Nashipae alinigeukia haraka. Nilitikisa kichwa. Sikuwa nimemwambia.

"Mimi nilimpa," Kokoo akasema. "Mimi nilizaa wote nikinusa."

Daktari hakumkemea, na kwa hilo namheshimu hadi leo. "Ulikuwa na bahati, mama. Tumbaku si rafiki wa kondo. Moshi wa sigara ndio tunaujua zaidi kwa ubaya wake, lakini hata ugoro siutaki karibu na mimba. Ulitaka kumsaidia. Sasa tutamsaidia kwa njia nyingine."

Akawaeleza habari ya presha. Kwamba kati ya yote waliyoyataja, hiyo ndiyo anayoishuku zaidi, kwa sababu inaumiza mishipa midogo pale kondo linaposhika ukuta, na mama anaweza asijue chochote. Kwamba atampima figo na sukari, na kumwangalia tumbo la uzazi kwa picha kama kuna uvimbe. Kwamba wengine maji hupasuka kabla ya wakati, wengine huwa na pacha, wengine damu yao inaganda vibaya. Na mwanamke ambaye kondo limembanduka mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kubandukiwa tena kuliko ambaye halijawahi. Hakumficha hilo.

"Kwa hivyo ni presha," Nashipae akasema.

"Huenda. Huenda ni presha pamoja na kitu kingine. Kuna wanawake hawana hata moja ya haya, na bado linabanduka, nasi tunabaki tunaangaliana."

"Yaani hujui."

"Kwa hakika, sijui," daktari akasema. "Lakini najua mahali pa kuchunga."

Lemayian akatoa shuka usoni. Neno kuchunga alilielewa.

Nawaambia vijana, nimewahi kusikia madaktari wakitaja majina marefu ya magonjwa, na sikuwahi kuona mgonjwa akitulia kama Nashipae alivyotulia mbele ya mtu aliyesema sijui kisha akaendelea kuongea. Msiogope neno hilo. Ogopeni kuliacha peke yake.

Aliwekewa dawa za presha, na alipoanza kufikiria mimba daktari akazibadilisha, maana nyingine hazimfai mtoto tumboni. Mkikutana na mwanamke wa presha anayetaka kuzaa, mwambieni aende abadilishiwe kabla, asingoje. Akaacha mwili upumzike zaidi ya mwaka. Lemayian akaacha ukuta, akaanza tena kulala akiangalia upande wa mkewe, habari niliyopewa na Nashipae kwa aibu kidogo na furaha nyingi.

Alipobeba, mimi nilikuwa nimestaafu. Alikuja hapa kwenye ploti kuniambia, nikiwa nalisha kuku, na nikamwaga chakula chote mahali pamoja. Daktari alimwanzishia aspirini ya dozi ndogo mapema, na hiyo msije mkampa mtu kwa kichwa chenu. Hakwenda Bisil hata siku moja tumbo lilipokuwa kubwa. Kokoo ndiye aliyehama akaja Kitengela. Alijifunza ile mashine ya kupima presha nyumbani, akaiita saa ya damu, na wapangaji wote wa jengo lao wakapimwa wapende wasipende. Ugoro wake aliuhamishia nje ya geti. Akawa anaunusa huko peke yake, na upepo wa Kitengela, mnaujua, unamrudishia nusu machoni.

Kila juma Nashipae alinipigia simu. Anacheza, Sista. Leo amecheza sana. Leo amechelewa kuamka lakini ameamka. Nilimwambia asinipigie mimi kwanza akiona damu, au maumivu yasiyoachia, au mtoto ametulia kuliko kawaida. Apande gari, anipigie njiani.

Mwezi wa mwisho haujafika, presha ikapanda licha ya dawa. Daktari akamlaza Kajiado, akamwangalia siku chache, kisha akasema hangoji zaidi. Mtoto angetolewa kwa upasuaji asubuhi ile.

Nilifika nikakuta Lemayian amesimama kando ya mlango wa chumba cha upasuaji, na Kokoo ameketi kwenye benchi, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nikaketi naye. Mimi niliyewaambia mamia ya watu wangoje hapo nje, sikujua ile benchi ni ngumu hivyo. Nilifikiria lile kondo, huko ndani, limeshikilia. Kitu laini kama ini, hakina msumari wala gundi, kimebeba mtoto mzima kupitia dawa, hofu, na miezi yote ile, kikingoja zamu yake ya kuachilia. Kazi yote tuliyofanya sisi ilikuwa kuzunguka nje yake kama watu wanaozunguka boma.

Mtoto akalia.

Sauti ilikuwa ndogo, ya hasira, kama ya paka aliyekanyagwa. Lemayian aliketi sakafuni pale pale aliposimama. Nilimuuliza muuguzi aliyetoka habari ya mama, akaniambia yuko salama, anashonwa, anauliza mtoto amelia kweli au ni yeye ameota.

Alikuwa mvulana, mdogo, amevikwa kofia iliyomshukia machoni. Muuguzi, msichana wa umri wenu, alimweka mikononi mwa Kokoo. Kokoo alimtemea mate mepesi ya baraka kwenye paji la uso, kama desturi yao, na akamwangalia muda mrefu.

"Hongera, Kokoo," yule muuguzi akasema akitabasamu. "Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa Nashipae?"

Kwao marehemu hatajwi ovyo, hasa mtoto ambaye hakuwahi kupumua. Lemayian aliinua kichwa pale chini. Mimi nikafungua mdomo nimsaidie muuguzi.

"Wa pili," Kokoo akasema. "Wa kwanza alikuwa dada yake."